Fundi kaondoka, ufunguo kaenda nao

Karibuni tena kwenye maswali na majibu. Mwezi huu yamekuja mengi ya kamera, GPS za magari, TV boksi, na moja la kiwandani ambalo limeninyima usingizi kwa sababu kiti anachokalia huyo ndugu nilishawahi kukikalia. Kwa wageni, mimi nafunga kamera na mitandao, mwaka wa kumi na moja huu, kabla ya hapo nilikuwa fundi umeme kiwandani. Maswali nimeyafupisha na majina nimeyaacha.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina saluni huku Tanga, mwaka jana niliweka kamera nne, tatu saluni na moja korido ya nyumbani kwa ajili ya mama yangu anaumwa. Kijana aliyefunga ni mtu mzuri tu sina ugomvi naye. Juzi tumekutana sokoni akaniambia dada siku hizi unafunga mapema, na mama naona ameanza kutembea. Nilicheka lakini usiku sikulala. Anaona kweli? Nifanyeje bila kuanzisha vita?

JIBU: Marahaba dada yangu, na mama aendelee kupata nafuu. Ndiyo, anaona, tena bila kudukua chochote. Iko hivi, hizi kamera zina kistika cha miraba cha kuskani, na kwa nyingi zake yule wa kwanza kukiskani kwa aplikesheni ya simu yake ndiye mfumo unamwandika kama mwenye mali. Fundi akimaliza kupandisha kamera anataka kujaribu picha, anaskani kwa simu yake, picha inakuja, anafurahi, alafu anakutumia wewe mwaliko na wewe uangalie. Kwa hiyo kwenye risiti ya dukani kamera ni yako ila kwenye seva, yaani kompyuta za mbali, za waliotengeneza mwenye kamera ni yeye na wewe ni mgeni aliyekaribishwa. Siku akikutoa unatoka.

Naijua hii kwa sababu miaka ya mwanzo na mimi nilifanya hivyo hivyo, nilikuwa natembea na nyumba na maduka ya watu kama thelathini kwenye simu moja, nikiamini ni huduma, mteja akisahau pasiwedi ananipigia namsaidia. Siku simu ilipochomolewa mfukoni pale stendi ndio jasho likanitoka, maana aliyeichukua akiifungua anajua nani yuko nyumbani na nani kasafiri. Nilizunguka wiki nzima kwa wateja kubadilisha kila kitu. Tangu hapo nikimfungia mtu kamera naskani kwa simu yake yeye, na pasiwedi anaandika mwenyewe mimi nimegeukia ukutani.

Sasa wewe mpigie kijana kwa upole, mwambie naomba uondoe kamera zangu kwenye akaunti yako nizisajili kwangu, ni dakika chache kwa kila kamera na kama ni mtu mzuri kama unavyosema hatakasirika. Akishaziondoa, unaziskani wewe. Kama zinaingia kwenye mashine ya kurekodia, ile DVR, kuna mlango wa pili watu wengi wanausahau, mashine yenyewe ina mtumiaji anaitwa admin na pasiwedi yake, ibadilishe, alafu fungua orodha ya watumiaji ukiona jina hulijui lifute. Pasiwedi ya waifai nayo badilisha siku hiyo hiyo. Akianza kukuzungusha, hamisha kwanza video unazozihitaji kwenye flashi kisha vyote viwekwe upya kama vimetoka dukani, ila ujue kuna kamera hata ukiziriseti bado zinamkumbuka mwenye akaunti wa zamani, hizo itabidi uwaandikie watengenezaji ukiwa na risiti, kwa hiyo risiti usiitupe.

Na usidhani ni mafundi wa mtaani peke yao. Marekani mwaka 2023 tume yao ya biashara, FTC, ilifungua mashtaka dhidi ya kampuni ya Ring, ambayo ni ya Amazon, ikieleza kwamba mwaka 2017 mfanyakazi mmoja alikuwa anafungua video za wateja wanawake wasiopungua 81, nyingine za vyumbani na bafuni, akaendelea miezi kadhaa mpaka mwenzake kazini alipomshtukia. Kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Hao ni watu wenye ofisi na mikataba, kwa hiyo hata ukishapata ufunguo wako bado kuna wengine nyuma ya seva huwajui. Ndio maana mimi ile kamera ya korido ningeigeuza itazame mlango wa nje, mama anapita pale usiku na nguo za kulalia. Saluni nako isielekee wateja wanapobadilishia nguo hata kidogo, na ubandike tangazo kwamba kamera ipo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake, Kenya wana ya kwao ya 2019, na picha ya mtu ni taarifa yake. Mambo yakiharibika na huyo kijana, Tume ndio pa kwenda.

SWALI: Kamera yangu inaangalia geti tu na pasiwedi ni ile ile iliyokuja nayo. Kuna haja gani ya kubadilisha, mtu wa mbali akiliona geti langu atapata nini? (Nakuru)

JIBU: Ndugu yangu geti lako hawalitaki, wanaitaka kamera yenyewe, kwa sababu ndani ni kompyuta ndogo iliyo kwenye intaneti usiku na mchana. Mwaka 2016 vijana watatu wa Marekani walitengeneza programu wakaiita Mirai, kazi yake ilikuwa kuzunguka intaneti nzima ikigonga kamera, DVR na ruta, ikijaribu orodha fupi ya majina na pasiwedi za kiwandani, hazizidi sabini hivi, mambo ya admin na 12345. Zilizofunguka, na zilikuwa mamia ya maelfu, zikawa jeshi la mtu mwingine huku mwenye kamera anaona picha kama kawaida. Msimbo wa programu hiyo, yaani maandishi iliyoundwa nayo, ukawekwa hadharani kila mtu akauchukua, na tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi la namna hiyo lililemea kampuni ya Dyn iliyokuwa inaelekeza watu kwenye tovuti, na Twitter, Netflix na Spotify zikawa hazifunguki kwa mamilioni ya watu.

Na lilifika Afrika, hii watu wengi hawaijui. Mwishoni mwa mwaka huo huo 2016 Lonestar, kampuni ya simu ya Liberia, ilishambuliwa kwa vifaa vya aina hiyo mpaka intaneti ya wateja wake ikayumba, na ilikuja kujulikana kuwa ofisa wa kampuni shindani, Cellcom, ndiye aliyemlipa mdukuzi wa Kiingereza afanye kazi hiyo. Januari 2019 mahakama ya London ikamfunga miezi 32. Kwa hiyo kamera ya mtu inayoangalia geti lake inaweza kukodishwa kuangusha simu za nchi nyingine, na mwenyewe anachoona ni bando linaisha haraka tu. Badilisha leo. Uingereza tangu tarehe 29 Aprili 2024 ni marufuku kabisa kuuza kifaa chenye pasiwedi moja ya kiwandani kwa wote, na mtengenezaji lazima aseme kifaa kitaendelea kupata masasisho ya usalama mpaka lini, natamani sana na sisi tuwe na kifungu kama hicho kwa sababu vitu vinavyokataliwa kule ndio mwishowe vinashushwa bandarini kwetu.

SWALI: Nimenunua TV boksi bei rahisi sana, inafungua chaneli zote bure, ila wakati wa kuiwasha ilinitaka nizime ulinzi wa Google Play na nipakue duka lao la aplikesheni. Ni salama? (Mwanza)

JIBU: Hapana. Tarehe 5 Juni 2025 FBI walitoa onyo kuhusu mtandao wa vifaa vilivyoambukizwa unaoitwa BADBOX 2.0, na hizo dalili mbili ulizozitaja, kuzimishwa ulinzi na duka la pembeni, wamezitaja hivyo hivyo, pamoja na boksi kutangazwa kwamba imefunguliwa na maudhui yote ni bure. Mwezi uliofuata Google walifungua kesi New York wakasema vifaa zaidi ya milioni 10 vimeingia humo. Vingine vinatoka vimeambukizwa kabla hujavinunua, vingine vinaambukizwa hapo hapo unapopakua wanachokwambia upakue. Kazi yake kubwa ni kuuza njia ya intaneti ya nyumbani kwako, mhalifu wa kokote anapita kwenye laini yako kufanya wizi wake na ukifuatiliwa mtandao unaoonekana ni wa kwako.

Ushauri wangu ichomoe, najua pesa imekwenda na inauma. Kuiriseti hakusaidii kama ugonjwa umewekwa ndani ya mfumo wenyewe.

SWALI: Habari kaka. Niko Hamburg, nataka kumtumia mtoto wa dada yangu huko Moshi saa ya GPS ili mama yake ajue alipo. Unashauri? (Mjomba)

JIBU: Nzuri mjomba. Kama ni ile unayoweza kuipigia kimya kimya ukasikiliza yanayosemwa karibu na mtoto, usinunue, na hapo ulipo ni marufuku, mamlaka ya mitandao ya Ujerumani, Bundesnetzagentur, ilipiga marufuku kuziuza Novemba 2017 na ikawaambia wazazi waziharibu. Miezi michache nyuma, Februari, ilikuwa imeshapiga marufuku mwanasesere aliyeitwa Cayla kwa sababu alikuwa na kipaza sauti na mtu aliye karibu angeweza kujiunga naye kwa bluetooth bila kuulizwa pasiwedi. Fikiria mtu asiyemjua anaongea na mtoto kupitia mwanasesere wake. Kingine, mahali alipo mtoto panaandikwa kwenye seva ya mtu usiyemfahamu, kila dakika. Mtumie mama yake simu ya kawaida nzuri, mtoto atapigiwa shuleni kupitia mwalimu.

SWALI: Nina Noah mbili za abiria, zote zina GPS yenye uwezo wa kuzima gari kwa simu. Dereva ananiambia gari ilizima yenyewe mlimani. Inawezekana mtu mwingine aliizima? (Arusha)

JIBU: Inawezekana, ingawa anza kwanza na waya, mara nyingi rilei, ile swichi ndogo ya kukata mafuta, inafungwa vibaya na mtikisiko unaifungua, mpelekee fundi umeme wa magari aikague kabla hujamtuhumu mtu.

Ila upande wa pili usiupuuze. Julai 2022 kampuni ya usalama ya BitSight pamoja na shirika la serikali ya Marekani CISA walitangaza kasoro kwenye GPS ya gari inayoitwa MiCODUS MV720 kutoka Shenzhen, kampuni yenyewe ilikuwa inasema vifaa vyake milioni 1.5 viko kwenye nchi 169. Kilichokutwa ni pasiwedi kuu moja iliyoandikwa ndani ya mfumo, anayeijua anaweza kujifanya mwenye gari, akaona lilipo, akasoma njia linazopita, akatuma amri ya kukata mafuta, na ukiacha hiyo vifaa vilikuwa vinatoka na pasiwedi 123456 ambayo wengi hawakuibadilisha. Kuna na amri za ujumbe mfupi ambazo zilikuwa zinapita bila kuulizwa chochote. Sisemi yako ni hiyo, nasema zipo nyingi za namna hiyo na zinauzwa madukani bila jina.

Hiki ni kitu kinanigusa sana kwa sababu gari la abiria likizimwa kwenye kona ya mlima hiyo siyo faragha tena, ni roho za watu. Mimi ningeacha GPS ionyeshe gari lilipo tu na ule waya wa kuzima injini ningeutoa kabisa kwenye gari linalobeba abiria. Alafu badilisha pasiwedi, na muulize aliyefunga ni nani wengine wanaona magari yako, kwa sababu hapo pia akaunti kuu mara nyingi inabaki kwa muuzaji na chini yake wateja wote wa mji mzima.

SWALI: Mdukuzi anaweza kuingia kwenye mita yangu ya LUKU akanimalizia uniti? (Dodoma)

JIBU: Kwa mita nyingi za kuingiza namba, kwa mbali hapana, kwa sababu hazina intaneti wala laini. Zile namba 20 zinatengenezwa kwa ufunguo wa siri wa mita yako peke yake, ndio maana za jirani hazikubali kwako. Ndani ya zile namba kuna na muda, unahesabiwa kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024, ndio ile sababu tukaambiwa tuingize makundi mawili ya namba za kubadilisha kwanza kabla ya zile za umeme.

Penye hatari ni kule zinakotoka namba. Tarehe 25 Julai 2019 City Power, kampuni ya umeme ya Johannesburg, iliingiliwa na programu ya kudai fidia, ile inayofunga mafaili mpaka ulipe, kanzidata zikafungwa na watu wakashindwa kununua umeme wa malipo kabla. Nyaya nzima, mitambo mizima, na mtu yuko gizani kwa sababu dirisha la kuuzia limefungwa.

SWALI: Nafanya kazi chumba cha kuongozea mitambo ya maji. Kampuni iliyotufungia PLC, kile kikompyuta kinachoamuru pampu na valvu, imetutaka tuache kompyuta moja imewashwa muda wote na programu ya kuingilia kwa mbali ili waturekebishie bila kusafiri. Bosi anasema tumeokoa pesa. Mimi nina wasiwasi ila sina maneno ya kumwambia. (Jina na mji nimehifadhi)

JIBU: Maneno ninayo, nitakupa, na barua yako nimeisoma mara tatu.

Mwambie bosi habari ya Maroochy, Australia, mwaka 2000. Kulikuwa na fundi aliyefanya kazi kwenye kampuni iliyofunga mfumo wa redio wa kuongozea vituo 142 vya pampu za maji taka za halmashauri ile. Akaacha kazi, akaomba kuajiriwa na halmashauri, wakamkataa. Redio na programu alikuwa nazo bado. Kwa wiki kadhaa akawa anaendesha gari karibu na vituo anatuma amri za uongo, pampu zinazima, kengele za hatari hazilii, na wafanyakazi wakadhani mfumo mpya unasumbua tu. Lita kama 800,000 za maji taka zikamwagika kwenye viwanja, mito na mpaka eneo la hoteli. Alikamatwa Aprili na kompyuta na redio ndani ya gari, akafungwa miaka miwili. Hakuwa mdukuzi wa ajabu, alikuwa fundi ambaye hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya ufunguo.

Akisema hayo ni ya zamani mwambie Ukraine, tarehe 23 Desemba 2015, kampuni tatu za kusambaza umeme. Waongozaji wamekaa kwenye viti kama wewe, mmoja anaona kipanya kwenye skrini kinatembea chenyewe, kinafungua swichi za vituo moja baada ya nyingine, na yeye ametolewa kwenye mfumo wake mwenyewe. Wateja kama 225,000 wakakosa umeme. Wavamizi walikuwa wamekaa ndani miezi, waliingia kwa barua pepe za ulaghai, wakaiba pasiwedi, wakapita njia ile ile ya kuingilia kwa mbali ambayo haikuwa na uthibitisho wa pili, ile namba inayokuja kwenye simu baada ya pasiwedi. Kilichowaokoa ni kwamba bado walikuwa na watu wanaojua kwenda kituoni na kurudisha swichi kwa mkono, ndani ya saa chache umeme ukarudi. Hilo la mkono lishike sana. Ninyi valvu zenu nani anaweza kuzifunga leo bila skrini? Kama ni mzee mmoja anayestaafu mwakani, vijana waanze kufundishwa naye sasa hivi.

Na kwenye hoja ya pesa, mwambie Colonial, bomba la mafuta la Marekani, Mei 2021. Wadukuzi walipita kwenye akaunti moja ya zamani ya kuingilia kwa mbali, haitumiki tena lakini haijafungwa, pasiwedi peke yake bila uthibitisho wa pili. Kampuni ikawalipa fidia ya dola milioni 4.4 na bomba lilisimama siku kadhaa mpaka vituo vya mafuta vikakauka.

Sikwambii mkatae kabisa kurekebishiwa kwa mbali, najua hali ya bajeti na najua fundi wa PLC kumsafirisha ni gharama. Omba vitu hivi. Kompyuta hiyo ikae imezimwa, au waya wake wa mtandao uchomolewe kabisa, wakitaka kuingia wanapiga simu kwa namba mnayoijua, mtu wenu anaunganisha, anakaa anaangalia wanachofanya, wakimaliza anachomoa na anaandika kwenye daftari la zamu saa ngapi na nini kimebadilishwa. Kila mhandisi wao awe na akaunti yake yenye jina lake, siyo moja inayogawanwa na ofisi nzima, na uthibitisho wa pili kwenye simu. Akiacha kazi kwao, mkataba useme wanawajulisha ndani ya siku ngapi. Kompyuta ya ofisi inayofungua barua pepe isiwe mtandao mmoja na PLC. Na programu ya PLC, nakala yake safi iwe kwenye diski ndani ya kabati lenu, siyo kwao peke yao.

La mwisho ni la kukagua kwa macho. Kiwanda nilichokuwa, siku tunahamisha paneli tulikuta nyuma yake kimodemu cha laini ya simu kinawaka taa, kilifungwa na mkandarasi aliyemaliza kazi miaka mitatu nyuma, hakikuwa kwenye mchoro wowote na hakuna aliyejua nani analipia ile laini. Miaka mitatu mtambo wetu ulikuwa na mlango wazi na sisi tunafunga geti la mbele kwa kufuli. Fungueni paneli zote, fuateni kila waya mpaka mwisho wake. Mkikuta kimodemu kama hicho, msikichomoe mtambo ukiwa unatembea kabla hamjajua nini kinapita hapo, kipigeni picha, mwandike namba ya laini, muulizeni mkandarasi kwa maandishi, mkubaliane siku ya kukiondoa mtambo umesimama na wanaojua kufunga kwa mkono wakiwa kwenye valvu. Niandikie mlichokikuta.